Kwa nini watu wanavuta sigara, na kwa nini wavutaji wenyewe wanaunga mkono sheria za kuidhibiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa afya ya jamii wanaohangaika na tasnifu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na watu wa kawaida ambao wao wenyewe wanavuta au wana ndugu anayevuta. Majibu hayalingani urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani uzito.

Kila pakiti ina onyo. Kwa nini watu bado wanavuta?

Karibu kila mvutaji analijua onyo hilo. Muulize dereva wa bodaboda kijiweni sigara inaleta nini: atakutajia saratani, kifua na kupungua nguvu za kiume kabla hujamaliza swali, kisha atawasha nyingine. Habari anazo. Anavuta kwa sababu nikotini humfika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu baada ya mvuto wa kwanza, wenzake wote hapo kijiweni wanavuta, na duka liko ng'ambo ya barabara. Halafu madhara anayotajiwa yako miaka ishirini mbele, ilhali arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, iko hapa sasa hivi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Wengi wao walijua. Kampeni nyingi bado zinajengwa juu ya dhana kwamba mtu akishajua ataacha, na nadharia za tabia ya afya zilianza pale dhana hiyo ilipogonga mwamba.

Nadharia ya tabia ya afya ni nini hasa?

Ni maelezo yaliyopangwa ya kwa nini mtu anafanya au hafanyi jambo linalogusa afya yake, kwa namna inayoweza kupimwa. Nadharia nzuri hukuonyesha pa kuweka mkono. Isiyokuonyesha hilo ni mapambo ya sura ya pili ya tasnifu.

Nadharia ya imani za kiafya ilitoka wapi, na inasemaje kuhusu sigara?

Ilizaliwa Marekani miaka ya 1950. Idara ya afya ya umma ilikuwa inapeleka magari ya eksirei mitaani kupima kifua kikuu, karibu na watu na bila malipo, na bado watu wengi hawakujitokeza. Godfrey Hochbaum, Irwin Rosenstock na wenzao, wanasaikolojia waliofanya kazi katika idara hiyo, wakaanza kuuliza mtu anaamini nini kabla hajapanda lile gari. Majibu waliyapanga hivi: mtu hupima kama ugonjwa unaweza kumpata yeye, ukimpata utakuwa mzito kiasi gani, atafaidika nini akichukua hatua, na hatua hiyo itamgharimu nini. Kisha huhitaji kitu cha kumshtua. Baadaye, mwaka 1988, Rosenstock na wenzake waliongeza kujiamini kwamba unaweza.

Sasa mchukue fundi wa gereji anayevuta tangu ujana. Kuhusu uzito wa saratani hana ubishi. Panapovuja ni kwenye lile la kwanza, yaani kwamba itampata yeye. "Babu yangu alivuta mpaka anakufa na miaka tisini." Kila familia ina babu wa namna hiyo, na waliokufa na hamsini hawatajwi. Neil Weinstein alionyesha mwaka 1980 kwamba watu kwa kawaida hujiona wako salama kuliko wenzao, na wavutaji hawajatoka kwenye tabia hiyo. Ndiyo maana kumwambia fundi "sigara inaua" hakumgusi sana. Kumwonyesha kwamba kikohozi chake cha asubuhi na pumzi inayomkatikia akisukuma gari ni sigara hiyo hiyo kunamgusa zaidi, kwa sababu hapo hatari imeshamfika mwilini mwake.

Udhaifu wa nadharia hii ni kumwona binadamu kama karani anayejumlisha faida na hasara. Uraibu haujumlishi hivyo.

Picha za kutisha kwenye pakiti zinasaidia?

Zinasaidia, kwa sharti. Canada ilianza na picha kubwa mwaka 2001, Kenya ikafuata mwaka 2016, na nchi nyingi zimejiunga. Kim Witte alieleza mwaka 1992 kinachotokea mtu anapotishwa. Akiona hatari ni kubwa na ana njia ya kuikimbia, hukimbia hatari. Akiona hatari ni kubwa na njia haipo, hukimbia habari: anageuza pakiti, anaifunika kwa kidole, anafanya mzaha na muuzaji. Picha ya pafu lililooza bila neno hata moja kuhusu pa kupata msaada ni nusu ya kazi.

Kuna shida nyingine ya kwetu ambayo vitabu vya nje havina haja ya kuifikiria. Mtu anayenunua sigara moja moja haishiki pakiti. Angalia duka la Mangi mtaani: pakiti imefunguliwa, imesimama juu ya meza ya kaunta, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mteja anatoa sarafu, anapokea sigara, anawasha hapo hapo, anaondoka. Picha imebaki inamtazama muuza duka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya kumi, na kwa mtazamo wa nadharia kifungu hicho kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Kinamrudishia mnunuzi onyo, kinapandisha bei ya kuanza, na kinamweka nje ya soko mwanafunzi mwenye shilingi mia tu mkononi.

Kijana anaanzaje?

Kwa kuona. Albert Bandura alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba watu hujifunza kwa kutazama wengine na kuangalia wale wengine walipata nini. Kijana akiona kaka anayemhusudu anavuta, anaheshimiwa kijiweni na haadhibiwi, ameshapata somo zima bila mwalimu. Hapo ongeza nadharia ya tabia iliyokusudiwa ya Icek Ajzen, inayosema nia hujengwa na mambo matatu: mtazamo wa mtu kuhusu kitendo, anachodhani watu anaowajali wanategemea kutoka kwake, na jinsi anavyoona kitendo kiko ndani ya uwezo wake.

Hilo la pili ndilo lenye nguvu kwa vijana, na lina kichekesho chake: mara nyingi wanadhani wanaovuta ni wengi kuliko walivyo. Utafiti wa taifa wa watu wazima Tanzania mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 tu ndio wanaotumia tumbaku ya aina yoyote. Ukikaa kijiweni kutwa utaapa kuwa ni nusu ya nchi.

Mbona wanawake wanavuta kidogo sana huku kwetu? Wana imani tofauti?

Imani si tofauti sana. Tofauti iko kwenye macho ya watu. Kenya mwaka 2014, asilimia 15.1 ya wanaume walikuwa wanavuta, na wanawake asilimia 0.8. Ukiishia hapo utasema wanawake wamesalimika. Lakini ukiuliza kuhusu tumbaku isiyo na moshi, wanaume ni asilimia 5.3 na wanawake 3.8, karibu sawa. Bibi mwenye kikopo cha ugoro kwenye fundo la kanga hashangazwi na mtu. Bibi huyo huyo akiwasha sigara stendi, watu watageuza shingo. Nikotini ni ile ile. Jamii imeruhusu mlango mmoja na kufunga mwingine.

Hii ndiyo sababu kampuni za tumbaku duniani zimewekeza miaka mingi kuifanya sigara ionekane ishara ya mwanamke wa kisasa. Zinazijua kanuni za kijamii vizuri, pengine kuliko sisi tunaoziandikia tasnifu. Shisha iliingia kwa mlango huo huo: ladha ya matunda, sofa, marafiki, na wasichana ambao wasingeshika sigara hadharani.

Hatua za mabadiliko ni zipi, na bado zinaaminika?

James Prochaska na Carlo DiClemente walizitangaza mwaka 1983 baada ya kuwachunguza watu waliokuwa wakiacha sigara wenyewe. Kwa mpangilio unaotumika leo, kuna asiyefikiria kuacha, anayefikiria, anayejiandaa, anayetenda na anayedumisha. Faida yake kwa mhudumu ni kwamba inamzuia kumpa kila mtu hotuba moja.

Kama zinaaminika? Kwa kiasi. Robert West, mtafiti wa uraibu wa Uingereza, aliandika mwaka 2005 akitaka nadharia hii iachwe kabisa, kwa hoja kwamba mipaka ya hatua imewekwa kwa kubuni na kwamba watu wengi huacha ghafla bila kupitia ngazi yoyote. Mtu anaamka na kikohozi chenye damu, anatupa pakiti, basi. Mimi naona hatua hizi zinafaa kuanzishia mazungumzo, hazifai kuwa ramani. Usimwambie mtu aliye tayari leo kwamba bado hajajiandaa.

Nimejaribu kuacha nikashindwa. Ina maana sina nia?

Hapana. Wavutaji wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufanikiwa. Dalili za kukosa nikotini, yaani hasira, kukosa usingizi, njaa na mawazo kutotulia, huwa kali zaidi siku chache za mwanzo na hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukirudia siku ya tatu, umerudi pale pale pagumu kuliko pote.

Kitu kinachotabiri vizuri kama mtu ataweza ni kile Bandura alichokiita mwaka 1977 imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo fulani katika mazingira fulani. Zingatia hayo maneno ya mwisho. Mtu anaweza kujiamini nyumbani na kuishiwa nguvu akiwa na kikombe cha kahawa barazani. Kwa hiyo swali lifike mahali na saa. Ni saa ngapi inakubana? Uko na nani? Ukimaliza kula unafanya nini? Imani hiyo hukua kwa ushindi mdogo na kwa kumwona mtu wa hali yako aliyeweza. Mvutaji mstaafu wa mtaani kwako ana nguvu kuliko bango la wizara.

Na ukipata viraka au bazoka za nikotini hospitali au duka la dawa, zitumie. Kupunguza arosto kwa dawa si udhaifu.

Tuje kwenye sheria. Mvutaji anawezaje kuunga mkono sheria inayombana?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linapindua mambo.

Kwanza, wavutaji wengi wanajuta. Katika utafiti wa Canada, Marekani, Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2004, karibu tisa kati ya kumi walikubali kwamba wangerudishwa nyuma wasingeanza. Mtu anayejuta hamwoni anayemfungia mlango kama adui. Sheria inamfanyia kazi aliyoshindwa kuifanya peke yake.

Pili, na hapa ndipo pana utamu, kuunga mkono mara nyingi huja baada ya sheria. Ireland ilipiga marufuku sigara ndani ya sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo kwa taifa zima, na kabla ya hapo maneno yalikuwa mengi: baa zitakufa, Waireland hawatatii. Watafiti waliwauliza wavutaji wale wale kabla na baada. Waliotaka marufuku kamili kwenye baa walikuwa asilimia 13. Mwaka uliofuata, 46. Kwenye migahawa walitoka 45 hadi 77.

Nini kilibadilika? Elimu haikuwa imebadilika. Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba watu hawapendi matendo yao na imani zao zipishane, na zikipishana, mara nyingi imani ndiyo husogea. Mvutaji ambaye miezi kadhaa ametoka nje kuvuta, ameona baa haijafa, nguo zake hazinuki na mhudumu wa baa hakohoi tena, anaanza kuamini kile anachokifanya tayari. Kanuni ya kijamii nayo imehama: kuvuta ndani kumegeuka kuwa utovu wa adabu.

Basi tungoje wananchi wawe tayari, au tutunge kwanza?

Kwa ushahidi wa Ireland, kungoja ni kupoteza muda. Lakini kuna sharti: sheria ionekane inafanya kazi. Hapa ndipo kwetu panapouma. Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, ambayo iliacha nafasi ya kutengwa sehemu za kuvutia. Sehemu iliyotengwa kwa meza mbili na feni haizuii moshi wala haihamishi kanuni yoyote. Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2015 ilikwenda mbali: hairuhusu kuvuta ndani ya mita 50 kutoka sehemu za umma, na haiuzi tumbaku kwa aliye chini ya miaka 21. Kwenye karatasi ni kali kuliko za majirani. Lakini mtu akiona polisi mwenyewe anavuta chini ya kibao cha katazo, somo analojifunza kwa kutazama ni kwamba kibao ni pambo. Bandura hachagui upande. Watu hujifunza uvunjaji kwa njia ile ile wanayojifunza utii.

Nani anapinga, na nadharia zinasemaje juu yake?

Wapinzani hawafanani, na kuwaweka kapu moja ni kosa la watu wa kampeni.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Chunya, Tanzania, hapingi kwa kukosa elimu ya mapafu. Anajua tumbaku inavyomtenda: nikotini hupenya ngozini akivuna majani yenye umande, akarudi nyumbani kizunguzungu na kutapika. Anaona miti inavyokwisha kwa kuni za mabani ya kukaushia majani. Lakini tumbaku ndiyo zao linalomletea pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika na mnunuzi anayejulikana kabla ya mbegu kuota. Mpelekee modeli yoyote ya imani, haitamwona. Hapa unahitaji nadharia ya ngazi, ile iliyopangwa na Kenneth McLeroy na wenzake mwaka 1988: mtu, walio karibu naye, taasisi, jamii, sera. Kikwazo chake kiko ngazi ya soko. Kaunti ya Migori, Kenya, mradi wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa uliwapa wakulima mbegu za maharage yenye madini ya chuma kwa wingi pamoja na mnunuzi. Hilo la mnunuzi ndilo lililobeba mradi.

Kampuni za sigara ni habari nyingine. Kanuni za Kenya za mwaka 2014, zinazobana pamoja na mengine mahusiano ya maofisa wa umma na tasnia, zilipelekwa mahakamani na BAT Kenya, na kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ilipoitupilia mbali Novemba 2019. Miaka mitano. Hakuna nadharia ya saikolojia inayoeleza hilo; ni hesabu ya biashara. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, una kifungu cha 5.3 kwa sababu hiyo hasa: kinazitaka serikali zilinde utungaji wa sera dhidi ya maslahi ya tasnia.

Kodi nayo ni nadharia ya tabia?

Ndiyo, na ya haraka kuliko zote. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa karibu asilimia 4 katika nchi tajiri na karibu 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vijana na maskini hupunguza zaidi. Wapinga kodi wanasema inamkandamiza maskini. Wanasahau kwamba saratani inamkandamiza zaidi, na matibabu yake yanauza shamba.

Mimi ni mwanafunzi. Nitumie nadharia gani kwenye utafiti wangu?

Anza na swali, nadharia ifuate. Ukiuliza nani anaanza kuvuta, nenda kwa Bandura na kanuni za kijamii. Ukiuliza nani anaacha, angalia kujiamini na kiwango cha uraibu. Muda unaopita kati ya kuamka na sigara ya kwanza ni kipimo rahisi na kizuri ajabu. Ukiuliza nani anaunga mkono sheria, pima imani kuhusu moshi wa wengine, majuto, na kama mtu ameona sheria ikifuatwa.

Usichukue dodoso la nje kama lilivyo. Maswali ya baa na ofisi hayatamkuta mtu anayevutia gereji, kwenye mtumbwi au nyuma ya jiko. Weka ugoro, kuberi (tumbaku nyingine isiyo na moshi) na shisha, la sivyo utawakosa wanawake na vijana. Na uwe makini na swali la nia. Ukimuuliza mzee, "Je, una nia ya kuacha ndani ya miezi sita?" atakujibu, "Inshallah, mwanangu." Mdadisi anaweka tiki kwenye "ndiyo", na mzee anatafuta kiberiti. Muulize tarehe.

Jambo la mwisho: ukikusanya data siku moja na kukuta wanaoamini moshi ni hatari ndio wanaounga mkono sheria, usiandike kwamba imani imeleta uungaji mkono. Ireland imeshakuonyesha kwamba mshale unaweza kwenda upande wa pili.

Mume wangu anavutia ndani na tuna kichanga. Nianzie wapi?

Usianze na "acha sigara". Hilo ni ombi kubwa, na ameshalisikia mara nyingi. Anza na mahali: "Baba Asha, mtoto ana kifua. Naomba sigara iwe nje ya mlango." Ni jambo analoliweza leo, halimwiti mraibu, na linamgusa kama baba. Dirisha au chumba kingine havitoshi, moshi unatembea. Wageni nao wafuate utaratibu huo huo, hata shemeji. Wavutaji wanaoishi kwenye nyumba zisizoruhusu moshi huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujaribu kuacha, kwa hiyo mpe muda kabla ya kumletea mazungumzo ya kuacha.